Kipimo cha Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kutembea peku katika chumba cha mbele, Chiriku alikuwa na kazi ya kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, nguo za wateja zimetundikwa ukutani. Chiriku alitambaa sakafuni na sumaku mkononi, akipekua chini ya meza, huku mdomo wake haupumziki. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Jina lake la shuleni walilijua walimu tu.

Jumamosi hiyo lakini alikuwa amenuna. Mama alikuwa ametoka kuwapima yeye na mdogo wake kwa ajili ya sare za shule, na utepe haukumhurumia. Mdogo wake huyo, aliyezaliwa miaka miwili baada yake, alikuwa amerefuka ghafla mpaka suruali zikamkimbia vifundoni, watu wakambatiza Mlingoti. Wateja waliokuja kuchukua nguo walimwuliza Chiriku kama huyo ni kaka yake. Alipowajibu kwamba yeye ndiye dada mkubwa, walicheka wakidhani anatania. Alikuwa amechoshwa na kicheko hicho.

Na kesho yake walikuwa wanakwenda kwenye bustani ya michezo.

Bustani ile ilikuwa kuukuu, na baba aliizungumzia kama vile ni yake. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimgusia bustani. Hapo utakoma. Alipelekwa huko na wazazi wake alipokuwa mdogo, na hadithi zake zote za utotoni ziliishia kwenye mashua ya kubembea, mashua ya mbao iliyoning'inizwa kwenye vyuma virefu, inayopanda upande huu na upande ule mpaka mtu anahisi tumbo limebaki nyuma. Babu, bibi, shangazi na baba waliketi benchi moja, na baba aliapa kwamba hajawahi kucheka vile tena. Miaka nenda miaka rudi alitamani kuketi benchi lile na watu wake.

Mwaka uliotangulia walikwenda, wakakwama. Mbele ya mashua palikuwa na nguzo yenye mstari mwekundu, na mtoto ambaye kichwa chake hakikufika kwenye mstari hakupanda. Watoto wote wawili hawakufika. Baba aliwaambia wasijali, mwakani Mungu akipenda. Sasa mwaka umefika, Mlingoti ameupita mstari kwa mbali, wala hata haitaki hiyo mashua, maana huogopa hata kupanda ngazi ya kubadilishia taa. Na Chiriku, aliyeiota mwaka mzima, amebaki chini ya mstari. Aliona kabisa kwamba ameonewa.

Aliponyanyuka kutoka chini ya meza, macho yake yaliangukia koti la bwana arusi mmoja. Kando yake palikuwa na vimito viwili vya sponji, vile vinavyoshonewa ndani ya mabega ili mwenye koti aonekane ana kifua. Chiriku alivibonyeza kwa kidole. Kama mabega yanaweza kuongezewa, kwa nini kimo kisiongezewe? Mama alipotoka kuzungumza na mteja mlangoni, vimito viliingia mfukoni.

Jumapili asubuhi alikunja kila kimito mara mbili, akakisukuma kisiginoni ndani ya kiatu cha shule, akavuta soksi ndefu na kukaza kamba kwa nguvu zake zote. Kioo kilimpendeza. Miguu haikupendezwa hata kidogo. Walipofika getini, vidole vilivyosukumwa mbele vilikuwa vinawaka moto.

Kama wangekwenda moja kwa moja kwenye mashua, huenda angevumilia. Lakini baba alikuwa na utaratibu wake: kwanza treni, kisha farasi wa mbao, kisha vioo vya kuchekesha, na mashua mwisho kabisa, kwa sababu ndivyo babu alivyofanya. Chiriku alishauri waanzie mwisho. Baba akamwangalia kama mtu aliyeshauri wali uliwe kabla haujapikwa.

Treni ilikwenda polepole kuliko bibi kizee anayetoka sokoni, na ilipofika kwenye kona ikazima. Abiria wakaombwa kushuka. Baba alikunja mikono ya shati akasaidia kuisukuma, uso umemchangamka, akieleza kwamba hata enzi zao ilizimikia pale pale. Chiriku aliirudia njia yote kwa miguu. Kwenye farasi mambo yakawa mabaya zaidi, maana walikuwapo farasi tele wasiokaliwa, lakini baba alimtaka yule wa kijivu aliyevunjika sikio, ndiye aliyempanda utotoni. Wakasimama kumngoja mtoto mwingine ashuke. Mtoto yule hakuwa na haraka. Chiriku aliegemea uzio, mguu mmoja juu, kisha mwingine, na moyoni akamchukia farasi, sikio lake na aliyelivunja.

Kwenye vioo vya kuchekesha Mlingoti alijiona mfupi na mnene, akacheka mpaka akakaa chini. Akamwita dada yake aje ajione alivyo mrefu. Chiriku akamwambia akome, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe ilimshtua.

Mama alikuwa amemtazama muda mrefu. "Mbona unatembea kama bata?" aliuliza. "Vua viatu nikutazame."

"Sina kitu, Mama."

"Vua, mwanangu. Chukua ndala zangu, mimi nitatembea peku."

"Nimesema sina kitu," Chiriku alijibu, akageuza uso.

Mama hakuzoea kujibiwa hivyo. Akasema watayazungumza nyumbani. Baba, ambaye hakusikia, alimshika Chiriku mkono akamwongoza kwenye mashua, akimsimulia kwa mara nyingine jinsi shangazi alivyopoteza kilemba angani. Mkono wa baba ulikuwa mgumu na wa moto. Chiriku alijisikia vibaya, lakini mashua ilikuwa mbele yake, na alikuwa ameteseka sana kuifikia.

Mwendeshaji wa mashua alikuwa mwanamke mnene mwenye buti za kazini. Alimsimamisha Chiriku kwenye nguzo, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akaona kimegusa mstari, akatikisa kichwa kukubali. Baba alipiga kofi moja la furaha. Wakapanda wote wanne, benchi moja, Mlingoti katikati amefumba macho kabla hata safari haijaanza.

Mwendeshaji alipita akiteremsha chuma cha kuzuia watu wasiruke. Alipofika kwa Chiriku akasita. Chuma kilikuwa kimeyashika mapaja ya wengine, lakini juu ya mapaja ya Chiriku kiliacha nafasi ya kupitisha ngumi. Na miguu yake, ambayo ilipaswa kukanyaga kibao cha mbele, ilikuwa inaning'inia. Alipoketi, vile vimito havikumwongezea mapaja wala magoti.

Mwanamke yule aliitazama miguu, akaitazama nguzo. Kisha akazima injini, akawaomba watu wote washuke.

Baba aliuliza kuna nini. Akajibiwa kwamba nguzo ina kasoro. Mtoto anayefika kwenye mstari miguu yake hufika kwenye kibao, na huyu hakufika, kwa hiyo huenda nguzo imezama ardhini. Leo hampandishi mtu mwingine mpaka ing'olewe na kupimwa upya.

Waliokuwa kwenye foleni waliguna. Wengine walikuwa wamesimama juani tangu treni ilipozima. Msichana mmoja wa rika la Chiriku, aliyekuja na bibi yake, alianza kulia kimya kimya. Baba naye akapandwa na hasira. Alisema yeye anaishi kwa vipimo, chuma kikipungua kidogo tu mlango haufungi, na kipimo kimeshapimwa mbele ya watu.

"Ndugu yangu, mimi simlaumu mtoto," mwendeshaji alisema. "Nailaumu nguzo. Kama nguzo si mbovu, basi mtoto amenidanganya."

"Mwanangu hasemi uongo," baba alisema. Alilisema kwa sauti kubwa, foleni nzima ikasikia.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza. Nguzo ingeng'olewa, watu wangerudi makwao wakinung'unika, na baba angeondoka kichwa juu, akimtetea njia nzima. Hilo ndilo lililomshinda. Alijua kwamba baba angelirudia neno lile nyumbani, na kwa majirani, na yeye angekuwa anakaa pale akisikiliza.

Aliketi chini, akaanza kufungua kamba. Fundo likagoma, mama akainama akamsaidia. Kiatu kilipotoka, kimito kikatoka nacho, kimelowa jasho na kujikunja. Kisha cha pili.

"Nguzo haina kosa," Chiriku alisema. "Ni mimi."

Watu wengine walicheka, wengine walisonya. Mama alikitambua kimito mara moja, akakiokota. Baba hakucheka wala kusonya. Aliangalia kando, kwenye vyuma vya mashua, na masikio yake yalionekana yakibadilika rangi. Chiriku hakuwahi kumwona baba ameaibika mbele za watu, na hakutaka kumwona hivyo tena maishani.

Mwendeshaji alimsimamisha tena kwenye nguzo, safari hii peku. Kiganja kilishuka chini ya mstari.

"Umebakiza vidole viwili," alimwambia. "Mwaka jana ulibakiza zaidi, nakukumbuka kwa kelele zako. Sasa nisikilize. Ningekuwa sina macho leo, chuma kile kisingekushika, ungeruka kutoka kule juu mbele ya mama yako."

Foleni ikaanza kusogea. Baba alitaka waende nyumbani wote, lakini Chiriku mwenyewe ndiye aliyemsihi apande na Mlingoti. Mlingoti alimtazama dada yake kwa huzuni ya mtu aliyenyimwa kisingizio, akapanda. Chiriku aliketi na mama kwenye benchi la chini, miguu yenye malengelenge imenyooshwa juani. Mashua ilipopaa, alimsikia baba akicheka, kicheko kile alichoahidiwa yeye, na machozi yakamtoka kwa uchungu.

"Unalia miguu au mashua?" mama aliuliza.

"Vyote. Si haki, Mama. Yeye haitaki hata."

"Najua. Inaudhi, na mimi ningeudhika." Mama alikuwa anakikunjua kimito kwenye goti lake. "Lakini nikwambie kitu. Wako wateja ambao nikiwapima huvuta tumbo ndani. Wanafikiri wamenidanganya mimi. Nami nashona kwa tumbo lile walilonipa. Siku ya sherehe wanapumua, vifungo vinaruka mbele ya wageni. Aliyedanganywa nani hapo? Mtu anayepima hajui ila unachomwonyesha. Ukimwonyesha uongo, uongo huo utauvaa mwenyewe."

Chiriku alifuta pua. Mama akaongeza kwamba vimito hivi vimekwisha, vipya vitashonwa kwa mkono leo hii, na mkono huo hautakuwa wa mama.

Mashua ilisimama. Mlingoti alishuka uso umemsawijika, akaenda kukumbatia mti. Baba alikuja taratibu, akachuchumaa mbele ya Chiriku, akaitazama ile miguu kwa muda. Chiriku alingoja kukaripiwa. Karipio halikuja.

"Nimekutetea mbele ya watu wengi," baba alisema.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Na mbele ya watu hao hao ulisema kweli, wakati ungeweza kukaa kimya. Hilo nimeliona." Alikohoa kidogo. "Yale maneno niliyomwambia yule mwendeshaji, nataka kuyasema tena siku nyingine. Fanya niweze kuyasema."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kisha akavaa ndala za mama, zilizokuwa kubwa mno kwake, akaenda kwenye foleni kumtafuta yule msichana na bibi yake awaombe radhi.