Mtoto wa Perla

Mtoto alinyamaza ghafla, na Ornella Rietti, aliyekuwa bado kwenye ngazi, viatu mkononi, akamshukuru Mungu. Tangu mlango wa chini alikuwa akimsikia mjukuu wake akilia, na kila ngazi aliyopanda alijiuliza ni nani atakayekwenda kumbeba, maana yeye nguvu hizo hakuwa nazo. Siku nzima alikuwa akitembeza watalii katika mtaa wa kale wa Wayahudi wa Ferrara. Kundi la mwisho lilikuwa la Waholanzi, watu wa maswali, na miguu ilimvimba hata akavua viatu mbele ya majirani bila kuona haya.

Sebuleni alimkuta binti yake, Susanna, amejitupa kwenye kochi, vifungo vya blauzi wazi, kinywa wazi. Alikuwa amejifungua siku chache tu zilizopita na usingizi ulikuwa ukimwendesha unavyotaka.

"Asante, Mama," Susanna akasema, macho kayafumba. "Nilishindwa kabisa kuinuka."

"Asante ya nini?"

"Ya kumbembeleza. Nimekusikia. Sh, sh, sh, mpaka na mimi ukanilaza."

"Mwanangu, mimi ndio kwanza naingia. Hata koti sijavua."

Susanna akafumbua jicho moja, akamtazama mama yake na koti lake na viatu vyake mkononi. Kisha akacheka kidogo. "Basi nimeota. Siku hizi naota hata nikiwa nimesimama."

Ornella aliingia chumbani. Mtoto alikuwa macho, ametulia, akitazama juu ya kabati kwa umakini ambao watoto wa umri wake hawana. Chumba kilinuka chokaa mbichi. Ilikuwa Novemba, ukungu umeukalia mji tangu asubuhi, na nyumba za Ferrara ukungu huziingia hadi kwenye shuka, kwa hiyo Ornella alimlaani mwenye nyumba na kuta zake, akaenda kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Ikawa ndiyo hali ya nyumba. Mtoto akianza kulia, kabla mtu hajapata kusema "nenda wewe," ananyamaza. Susanna alidhani ni mama yake, Ornella alidhani ni Susanna, na Daniele, mkwe wake, aliyekuwa akirudi hoi kutoka kazini Bologna, alidhani amebahatika kupata mtoto mpole. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wamechoka mno kuuliza, na usingizi ulikuwa mtamu.

Kisha mtoto akakataa ziwa.

"Hataki, Mama. Ananigeuzia uso kama mtu aliyeshiba. Na nusa kinywa chake. Nusa."

Ornella alinusa. Kilinuka maziwa yaliyolala, na nyuma ya maziwa, ile chokaa. Wakampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akasema uzito umeshuka kidogo kama unavyoshuka kwa wachanga wengi, ugonjwa hana, mama atulize moyo. Susanna akatuliza moyo mpaka walipofika mlangoni, hapo akaketi kwenye ngazi akalia. "Anakonda na huku ameshiba," akasema. "Ameshiba nini, Mama? Nani anamlisha?"

Jibu lilikuja mchana mmoja. Ornella alikuwa jikoni akimenya boga, Susanna bafuni chini ya maji, Daniele kazini, kwa hiyo mtoto alipoanza kulia na ile sauti ikaanza kumnyamazisha, sh, sh, sh, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetikisa mtoto kifuani, Ornella aliwapitia watu wa nyumba hiyo moyoni na hakubaki hata mmoja wa kumweka chumbani, akaweka kisu, akanyata kwenye ukumbi ulionuka chokaa kiasi cha kumwasha koo, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kuitambua sauti, ule ukavu wake, ule mkwaruzo wa mtu aliyesema kutwa kwenye baridi, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa kitandani mwake, amezongwa kuanzia mabegani hadi miguuni kwa vipande vya shuka kuukuu lililochanwa, vimepishana kifuani, vimefungwa fundo juu ya kitovu. Vilikuwa vimelowa. Ornella aliling'ang'ania fundo kwa kucha, na wakati huohuo alijua linavyofunguliwa, kwa sababu fundo lile alikuwa akilionyesha hewani kwa mikono yake miwili kila siku ya kazi.

Lilikuwa fundo la Perla. Na Perla hakuwahi kuwepo.

Miaka mingi nyuma, matembezi ya Ornella yalikuwa yakiishia kwenye nyumba moja ya barabara ya Via Vignatagliata isiyokuwa na habari yoyote. Ukuta mtupu na madirisha ya mbao. Hapo wageni walikuwa wamekwisha kuchoka kusikia mambo ya masinagogi na malango ya mtaa yaliyowafungia Wayahudi usiku, wakawa wanachungulia simu zao. Siku moja, naye akiwa hoi kuliko wao, Ornella aliwatungia mjane. Akamwita Perla. Akasema mtoto wake alishikwa na homa usiku, lango la mtaa limefungwa, mkunga yuko upande wa pili na mlinzi hataki kufungua. Mtoto akafa. Wakamzika kwenye chokaa, naye Perla akaenda akaichimba kwa kucha, akamrudisha nyumbani, akamviringisha kwa shuka lake mwenyewe, akawa anambembeleza. "Mpaka leo anamtafuta," Ornella alimalizia, na kidole mdomoni, "mkinyamaza mtamsikia. Sh, sh, sh."

Mama mmoja alifuta machozi, akauliza mtoto aliitwa nani. Ornella hakuwa amelifikiria hilo. Akataja jina lililokuwa karibu na ulimi, la mume wake, aliyekuwa nyumbani saa hiyo akimpikia.

"Leone," alisema.

Hadithi ilipendwa. Waongozaji wengine waliidaka, naye akaona fahari, hakumkanusha mtu. Ikawa inamtoka kama redio, akili yake iko kwenye miguu yake. Na msimu wa baridi uliopita mumewe akafa, na Susanna, tumbo likiwa bado dogo, akasema akizaa wa kiume atamwita Leone, wakakumbatiana wakalia wote wawili. Hata siku hiyo Ornella hakuliunganisha jina na lile la Via Vignatagliata.

Rabi Zamorani alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Alimsikiliza Ornella bila kumkatiza, vile vipande vya shuka vikiwa mezani kati yao, na alipokwisha akavisogeza mbali kwa ncha ya kalamu.

"Kuna vitu havina jina, Ornella," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Majini ya mitaro na nyumba mbovu. Hayamdhuru mtu kwa sababu hayajijui. Wewe hilo lako umelifanya nini? Umelipa jina, umelipa kidonda. Halafu umelipa na sauti yako, miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nimechoka, Rabi."

"Sote tumechoka." Akakohoa. "Jina la mtoto mmelitaja? Hata tohara bado?"

"Ndani ya nyumba tu."

"Ndani ya nyumba tu! Wazee walivyokataza jina lisitajwe kabla ya tohara, unadhani walikuwa wanaogopa majirani?" Akajisugua macho. "Sikiliza. Atakapotahiriwa, huyo mtoto hataitwa Leone. Jina hilo ulikwisha kuligawa. Tutampa jingine ambalo hakuna anayelijua, na yule akija kumtafuta wake hatamkuta. Na hadithi hiyo isitoke tena kinywani mwako."

"Na wenzangu je? Mji mzima wanaisimulia."

Rabi alikuwa akikunja vile vipande kwenye gazeti ili avichome.

Susanna alipoambiwa alisimama na mtoto kifuani kama anayetaka kuondoka naye.

"Jina la Baba? Umelipeleka mtaani ukawaburudisha watalii?"

"Punguza sauti, mwanangu. Anasikia."

"Asikie! Baba hajamaliza mwaka kaburini, na wewe…" Akaishia hapo, maana mtoto mikononi mwake aligeuza kichwa, taratibu, akatazama nyuma yake, kwenye kona, akatabasamu. Susanna hakuthubutu kugeuka. "Mama," akanong'ona, "kuna mtu ananipumulia shingoni."

Hawakubishana tena.

Siku ya tohara wanaume kumi wanaotakiwa kwa sala walipatikana kwa shida, wazee wengi wakiwa na baiskeli zao chini na pumzi zao juu. Walisimama sebuleni na Rabi na ngariba, nyuso kuelekea mlangoni. Ornella ndiye aliyekuwa amtoe mtoto chumbani kwa mama yake na kumpeleka kwao. Ukumbi ule ni mfupi, mtu anaweza kuuvuka akipiga chafya.

Lakini alipofunga mlango wa chumba nyuma yake ukumbi ulikuwa na ukungu, ukungu wa nje, mweupe, wenye harufu ya chokaa, na alipopiga hatua mtoto akawa mzito, hatua nyingine akawa mzito zaidi, kama mtu ameshika ncha ya pili ya nguo ya sherehe aliyovikwa mtoto na anaivuta kwake kwa upole, bila haraka, na masikioni mwake akasikia sh, sh, sh, kisha sauti yake mwenyewe, ile anayowasemesha nayo wageni jioni wakati hana tena anachokitaka isipokuwa kuketi, ikasema, "Leone. Nipe Leone wangu, nimetembea sana," na Ornella akamwonea huruma, hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, alimwonea huruma kiasi kwamba mikono yake ilianza kulegea, kwa sababu na yeye tangu mazishi alikuwa akiingia nyumbani kila jioni na kumwita Leone, kimoyomoyo, kwenye ukumbi huohuo, na hakuitikiwa.

"Hapa hakuna Leone," akasema. "Leone amekufa. Alikuwa mume wangu, nimemzika mimi. Amekufa, unasikia? Wala wako sikuwahi kumwona. Nilikudanganya. Nisamehe."

Hakuwahi kulitamka hilo kwa mdomo wake, kwamba amekufa. Machozi yalimwagika hadi kwenye kofia ya mtoto. Mvuto ukalegea kidogo, akaupita, akaingia sebuleni na kumtia mtoto mikononi mwa Rabi.

Ngariba alifanya kazi yake upesi. Rabi akainama, akalitamka jina kwa mara ya kwanza: Vitale, jina la uhai, ambalo hakumwambia hata Susanna. Kutoka ukumbini ikasikika pumzi ndefu. Mlango wa nje ukafunguka, nyayo zilizolowa zikashuka ngazi moja moja, kwa uchovu, na mzee mmoja karibu na dirisha akauliza ni nani anaondoka kabla ya chakula. Ndipo Vitale akapiga kelele, kelele ya njaa, akapelekwa kwa mama yake, akanyonya mpaka akapaliwa. Susanna alicheka na kulia. Ornella alilala akiwa ameketi, sahani ya keki magotini.

Majira ya joto yalipoanza mtoto alikuwa na mashavu. Ornella alikwisha kubadili njia ya matembezi yake, Via Vignatagliata hakuipita, na wageni wakiuliza habari za Perla aliwaambia hajawahi kumsikia. Siku aliyoipita tena alikuwa na kigari cha mtoto na mfuko wa mikate, na njia nyingine ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mafundi wa maji.

Mbele ya ile nyumba kulikuwa na kundi. Ginevra, mwongozaji kijana wa kampuni nyingine, alikuwa amefika mwisho wa hadithi ya Perla, kidole mdomoni. Ornella alitaka kupita upande wa pili wa barabara, ila mama mmoja mwenye kofia akauliza swali lile ambalo huulizwa daima, na Ginevra akalijibu.

"Vitale. Mwanawe aliitwa Vitale."

Ornella alingoja mpaka watalii walipotawanyika kupiga picha.

"Ginevra. Jina hilo nani amekupa?" Maneno yalimtoka kwa mkwaruzo.

"Shangazi, si wewe? Juzi, hapa hapa. Nimesema Leone, nikakusikia nyuma ya kundi: siye Leone, ni Vitale. Kugeuka, ushaondoka." Akamwangalia usoni. "Sauti imefanya nini lakini? Juzi ilikuwa nzuri tu."

Juzi Ornella alishinda kitandani na mafua, sauti imemkauka kabisa, maji akiyaomba kwa ishara.

"Umewaambia wangapi?"

"Makundi yangu yote. Na wenzangu nimewapa, ili tuseme jambo moja." Ginevra akatabasamu, akainua kijibendera chake kuwaita watu wake. "Wageni wanalipenda kuliko lile la kwanza."

Ornella alimtoa mtoto kwenye kigari, akamkumbatia kifuani, akakiacha kigari na mikate palepale, akaanza kwenda mbio kuelekea nyumbani kwa miguu yake mibovu, ingawa hakujua tena nyumbani kungemfaa nini.