Moyo wa Kimya

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku na binamu yake Kimya walitandaza ubao wa drafti juu ya meza ya chakula. Chiriku alikuwa msichana aliyepewa jina hilo la ndege kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea bila kituo huku akimla binamu yake kete moja baada ya nyingine.

Shuleni mambo yaligeuka. Mashindano yakianza tu, moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho, naye akasogeza kete ovyo. Kimya alicheza ametulia tuli, na mara nyingi alishinda.

Asubuhi ya mashindano ya madarasa, Chiriku alibaki kitandani akidai tumbo linamkata. Shangazi yake, mama yake Kimya, alikuwa muuguzi. Akamshika kifundo cha mkono.

"Homa huna, ila moyo unakwenda mbio. Tumbo linauma kweli, au hutaki kwenda?"

Chiriku akageukia ukuta. "Naogopa, shangazi. Tumbo nimelisingizia tu. Mimi nina kasoro. Mbona Kimya haogopi?"

"Umemuuliza, au umemtazama uso tu?"

Swali hilo likamtia udadisi. Alimkuta binamu yake mlangoni akifunga kamba za viatu, akamwekea vidole pale pale shangazi alipomwekea yeye. Moyo ulikuwa ukidunda kama wake, kama si zaidi.

"Kumbe na wewe!"

"Siku zote," Kimya akasema. "Leo hata chai imenishinda."

"Sasa huwa unafanyaje?"

"Nauacha ukimbie. Mimi naangalia ubao, najiuliza kete yangu ipi iko hatarini. Wewe huwa unawaza nini?"

Chiriku akafikiri. "Watakavyonicheka."

Akavaa, wakaenda shuleni pamoja. Siku hiyo alipangiwa bingwa wa darasa la juu, msichana mrefu asiyetabasamu. Mapema tu Chiriku akaliwa kete mbili. Masikio yakamwaka moto, na nyuma yake mtu akacheka. Akashusha pumzi taratibu, akarudisha macho kwenye ubao. Ipi iko hatarini? Ile ya pembeni. Akailinda. Na sasa ipi? Mchezo ukaenda, ukaenda, hadi kila mmoja akabaki na kingi moja, kete iliyofika mwisho wa ubao, na mwalimu akatangaza sare.

Walipopeana mikono, Chiriku alishangaa. Kiganja cha bingwa kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Na wewe pia?" akanong'ona.

Bingwa akatabasamu. "Usimwambie mtu."

Nyumbani Chiriku alimsimulia shangazi kila kitu isipokuwa hilo, ingawa ulimi ulimwasha.

"Mwili ukiona ushindani, unaamsha moyo ili upate nguvu," shangazi akasema. "Hiyo si kasoro. Ukizielekeza nguvu hizo kwenye kazi iliyo mbele yako, zitakusaidia. Ukizimalizia kwenye kuwaza aibu, zitakuchosha bure. Na jambo jingine, mwanangu. Hofu ukiisema, utapata wa kukusaidia. Ukinidanganya kwamba ni tumbo, nitakupa dawa ya tumbo, na hofu utabaki nayo mwenyewe."