Nakala ya Jumatatu

Rafiki yangu mmoja, mwongo wa kutupwa, alikuwa anaandika kitabu kumkumbuka mdogo wake aliyezama kisimani. Shujaa wa kitabu, eti yeye! Juzi akaifuta sura ya kisima kwa uzembe wake. Akajifungia chumbani, mapazia yameshushwa, akafungua programu inayotunza nakala za zamani.

Ya Alhamisi: "Nilijitosa kumwokoa."

Ya Jumatano: "Nilimrushia kamba."

Ya Jumanne: "Nilikimbia kuita watu."

Kila siku alijiongezea ushujaa, hana haya!

Hapo, anasema, akasikia maji yakidondoka gizani chini ya meza, tone moja moja. Kwenye orodha ilikuwepo nakala ya Jumatatu, siku ambayo hata hakuwa ameanza kuandika. Akaifungua.

"Kaka, nilikuona pale juu. Umeinama, unanitazama tu."