Mstari wa Mwisho wa Ottilie

Jioni ile nilikuwa natoka kununua mkate mweusi na samaki wa chumvi, nikiwaza supu yangu na kulala mapema. Nilipopita mbele ya ukumbi wa sinema, Kazimir akanikimbilia, mikono imejaa grisi. Yeye ndiye aliyekuwa akizungusha mashine ya picha. Mimi nilikuwa mpiga piano wa ukumbi, maana picha za siku zile zilikuwa bubu.

"Minna, dada, njoo haraka. Bascom kaja na filamu yake. Anataka kuiona sasa hivi, peke yake."

"Filamu ipi?"

Akatazama chini. "Unaijua."

Niliijua. Mji wetu wote wa Fort Lee uliijua. *Harusi ya Bibi Tibbet*, mchezo wa jukwaani uliomchekesha na kumliza kila mtu, wa bibi harusi anayetorokwa na bwana harusi wake hadi anapomnasa mwishoni. Bibi harusi huyo alikuwa dada yangu, Ottilie.

Thaddeus Bascom aliununua mchezo ule augeuze kuwa filamu. Akamwahidi dada yangu nafasi yake, kisha akampa kimada wake. Na bila haya akamwamuru Ottilie amfundishe!

Sasa, watu wa jukwaani wana mwiko. Mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi ukumbi ukiwa mtupu; anayeusema hupatwa na balaa. Kwenye mazoezi wanaishia kabla yake, wanacheka, wanaenda zao. Siku ya kumfundisha yule kimada, Ottilie alipofika hapo akanyamaza. Bascom akamwambia, "Sema, au toka." Dada yangu akausema huku analia, mbele ya viti vitupu. Bascom alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaamuru taa zizimwe, na Ottilie bado yuko jukwaani.

Katika giza lile alitumbukia kwenye tundu la sakafu ya jukwaa lililoachwa wazi. Shingo ikavunjika. Bascom hakuleta hata ua moja kaburini.

Basi niliingia. Wala si kwa ajili ya kazi. Nilitaka nimtemee mate usoni.

"Ahaa, piano!" alisema Bascom, kajimwaga kwenye kiti cha katikati, kofia pajani. "Piga kitu cha kuchangamsha, bibie. Mbona umenuna hivyo?"

"Nimefiwa."

"Eh, pole. Alikuwa hodari dada yako. Ila uso ulishachoka, na kamera haina huruma."

Mate yalinikauka mdomoni. Nikakaa kwenye piano.

Taa zikazimwa. Mashine ikaanza... tratatatata. Kimada akatokea kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, anarembua macho. Bascom alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti maneno yote yaliyoandikwa kati ya picha, kama vile sisi wengine hatukwenda shule. Alisoma, akacheka, akasoma tena.

Kisha nikasikia harufu.

Poda ya urujuani. Na rangi ya uso ya jukwaani, ile yenye mafuta.

Harufu ile ilikuwa ya kabati la Ottilie, na kabati nililifunga mwenyewe baada ya mazishi.

"Minna..." Kazimir alinong'ona kupitia kidirisha cha mashine. "Minna, si yule."

Niliinua macho.

Bibi harusi alikuwa amesimama kimya katikati ya picha. Shela lake lilikuwa na vumbi. Shingo yake ilikuwa imelala upande, vibaya.

Alikuwa dada yangu.

Hakucheza. Alisogea mbele tu, taratibu, macho yake kwa Bascom. Vidole vyangu viliendelea kupiga na sikujua vinapiga nini. Nilitaka kulia. Nilitaka kumwita jina.

Bascom aliinuka. "Upuuzi gani huu? Kazimir! Zima!"

"Haizimiki, mzee!"

Hapo maneno yakatokea, meupe juu ya weusi. Mstari wa mwisho. Bascom akayaona, akafumba mdomo, akaanza kuelekea mlangoni. Nikaelewa kila kitu. Viti vilikuwa vitupu. Akitoka bila kusoma, amepona.

Hapana, wallahi. Hatoki.

"Soma, Bwana Bascom!" nilimpigia kelele. "Au unamwogopa mwanamke uliyemcheka?"

Akageuka. Jeuri yake ikamponza. Alinicheka, akapanua kifua, akasoma kwa sauti ya kukejeli:

"Fungeni mlango. Mgeni wetu haondoki tena."

Mlango ukajibamiza.

Giza.

Kimya...

Kazimir alipowasha taa, ukumbini tulikuwa mimi na yeye. Sakafuni palikuwa na kofia. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Tuliutoa mkanda wa filamu, tukauinua kwenye mwanga. Picha zote zilikuwa zimefutika, mkanda mwangavu kama maji. Isipokuwa kipande cha mwishoni. Hapo alikuwamo Bascom, mdogo kama kidole, viganja vimebanwa mbele kama kwenye kioo, mdomo wazi.

"Tuichome, dada," Kazimir alisema.

"Thubutu! Afe upesi hivyo?"

Magazeti yakaandika kwamba Bascom katoroka na filamu imepotea. Sawa. Kopo lake liko chini ya kitanda changu. Filamu za aina ile huoza polepole: picha inafifia, inakuwa gundi, mwisho inakuwa unga. Kila mara nafungua nitazame. Miguu yake imeshayeyuka. Mdomo bado unasogea, na hakuna anayezungusha mashine. Ottilie naye yumo, amesimama nyuma yake, mkono begani mwake. Sijawahi kumhurumia yule mwanamume hata siku moja, na sitamhurumia.

Lakini juzi nilipofungua, dada yangu alikuwa amegeuka. Alikuwa amemwacha Bascom. Alikuwa ananitazama mimi, na hakutabasamu.

"Ottilie," nilinong'ona, "nimekukosea nini?"

Midomo yake ikaanza kusogea, nikayatambua maneno: "Fungeni mlango..." Nilifunika kopo kabla hajamaliza.