Bibi na Siku Fupi

Baba Matofali alibeba matofali ya watu kwa mkokoteni wa farasi wawili, jike na dume. Jike lilikuwa limezeeka, likaota mvi usoni. Nyumbani wakaliita Bibi.

Siku zilipoanza kufupika, jua likiwahi kuzama, Bibi aligoma kutembea. Alisimama akiegemea nyuma kama aliyekanyaga makaa. Manyoya marefu ya baridi iliyopita hayakuwa yamedondoka, na maji aliyafakamia ndoo kwa ndoo.

Baba Matofali alidhani ni njaa. Akamwongezea mahindi na molasi tamu ya miwa, akimbembeleza kama mtoto mgonjwa. Mkewe alimsihi amwite daktari wa mifugo, naye akajibu kwamba hakuna anayemjua Bibi kumshinda yeye. Asubuhi moja wakamkuta amelala chini, hawezi kuinuka. Ndipo daktari akaitwa.

Daktari, mama asiye na maneno mengi, alishika kwato. Zilikuwa za moto. Mfupa ulikuwa umezama ndani ya ukwato. Alisema hakuna dawa tena, ila sindano ya kumpumzisha milele.

"Nilimlisha vizuri, daktari."

"Hicho chakula kitamu ndicho kilichommaliza, mzee wangu."

Akawaeleza taratibu. Macho ya farasi hupokea mwanga na kuupasha mwili habari za majira. Siku zikifupika, tezi ndogo chini ya ubongo huongeza homoni, yaani vichocheo vya mwili, farasi ajiandae kwa baridi. Lakini tezi ya farasi mzee ikiugua, homoni hupita kiasi, na kwato huwaka kwa ndani. Mahindi na molasi huchochea moto huo.

Baba Matofali alipakata kichwa cha Bibi mpaka pumzi ilipokatika.

Mkewe ndiye aliyekumbuka dume, ambalo nalo lilikuwa limezeeka. Daktari akachukua damu. Majibu yakaonyesha ugonjwa uleule, ila ndio kwanza unaanza. Mahindi na molasi vikakoma. Dume likapewa kidonge kila siku na nyasi kavu zilizolowekwa na kuchujwa maji ili sukari ipungue. Damu ikapimwa tena mwaka uliofuata, kabla siku hazijaanza kufupika.

Msimu ule mbaya uliporudi, dume lilivuta mkokoteni, mzigo nusu, bila kuchechemea.

Kwenye tanuri la matofali, Baba Matofali alimwona mchukuzi mwenzake akivuta kwa nguvu hatamu ya farasi mzee mwenye manyoya marefu. Alisimamisha mkokoteni, akashuka.

"Mwache, ndugu yangu," alisema. "Anaumwa. Twende tukamwite daktari, wakati bado amesimama."