Gauni la Tatu

Fundi alikuwa mjane, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Asubuhi alishona sare za shule. Mchana alipunguza suruali, alibadilisha zipu, alitia viraka. Ng'ambo ya ua aliishi mwanawe wa pekee na mkewe na watoto wawili. Mwanawe alikuwa mwashi. Kijijini walimwita Mpole, maana alisalimia kila mtu na hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Mpole kwa nani? Kwa wapita njia. Kwa mkewe alikuwa mwepesi wa mkono. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilijitia hamnazo. Mkewe akitoka na jicho limevimba, watu walisema amejigonga mlangoni. Mlango gani huo unaojua kulenga jicho? Hakuna aliyeuliza.

Wiki hiyo fundi alikuwa akikunja pindo la bango la kitambaa. Jumamosi kungekuwa na matembezi ya hisani hadi kijiji cha pili, kilomita kumi na mbili. Watu wangetembea ili kuchangisha fedha za kuzuia ukatili majumbani huko vijijini. Fedha hizo zingelipia mafunzo ya mtu mmoja wa kuwasaidia walioumizwa katika kila kijiji, na nauli ya kumfikisha aliyeumizwa hospitalini. Waashi nao walijiandikisha. Walipoambiwa watoe mtu wa kubeba bango mbele, wakamtoa Mpole.

Muuguzi aliyeandaa matembezi alipokuja kuchukua bango, aliona gauni la bluu juu ya cherehani. Bega lilikuwa limechanika, na kwenye kola palikuwa na damu. Aliuliza ni la nani. Fundi akasema ni la mkwewe, lilinasa kwenye msumari.

"Mama, wewe ni fundi," muuguzi alisema. "Msumari huchana hivi?"

Fundi alilitazama gauni. Msumari hutoboa kitambaa. Bega lile lilikuwa limeng'olewa pamoja na mshono wake, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Mwishowe alikiri kwamba hilo lilikuwa gauni la tatu mwaka ule. Akajitetea kwamba hakukaa kimya. Aliwaita wote wawili, akawaketisha, akamwuliza mkwewe kama anapigwa. Mkwewe alisema hapana.

"Ulimwuliza mbele ya mumewe?"

"Mbele yake."

Muuguzi alipandwa na hasira, lakini alisema polepole. "Ulimtaka achague kati ya uongo na kipigo kingine. Mwulize akiwa peke yake. Akikuambia, mwamini. Usimwulize alimkosea nini mumewe. Na usimsukume, uamuzi ni wake. Akitaka kuondoka, mumewe asijue kabla, maana hapo ndipo wengi huumizwa vibaya zaidi."

Kisha akaeleza mengine. Vyeti na kadi za kliniki za watoto viwekwe kwa mtu wa kuaminika. Aliyeumia aende hospitali mapema, aseme ukweli, majeraha yake yaandikwe. Nguo iliyochanika isifuliwe wala isishonwe. Iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ni ushahidi. Maisha yakiwa hatarini, polisi waitwe hapo hapo.

Fundi alilitoa gauni kwenye cherehani. Yale mawili ya kwanza aliyafua na kuyashona vizuri sana, hata mshono haukuonekana.

Kesho yake Mpole alikuwa kazini na watoto shuleni. Fundi alimsaidia mkwewe kuanika nguo. Alimwambia hakuja kupatanisha mtu. Alitaka kujua yeye mwenyewe anataka nini.

Mkwe aliendelea kuanika. Kisha akasema, "Mama, kila uliponirudishia gauni limeshonwa, nilielewa unaniambia nikavumilie."

Fundi aliketi chini pale pale uani, akalia. Hakuwa amekusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akaomba msamaha.

"Nataka kula chakula bila kusikiliza hatua zake mlangoni," mkwe alisema. "Basi."

Muuguzi alipoambiwa na fundi yote hayo, alitaka kumwondoa Mpole kwenye matembezi. Mkwe ndiye aliyekataa.

"Mwacheni abebe bango," alisema. "Kwa saa tatu nitajua yuko wapi."

Basi Jumamosi Mpole alitangulia mbele, amevaa fulana nyeupe, ameinua bango lenye maneno "Nyumba Iwe Salama". Watu walimpigia makofi. Nusu ya waliopiga walikuwa wameliona lile jicho.

Msafara ulipopotea kwenye kona, fundi na mkwewe waliwachukua watoto, wakaenda upande mwingine, hospitalini. Daktari aliandika michubuko, na kidole kilichowahi kuvunjika kikaunga vibaya. Kisha wakaenda kituo cha polisi. Afisa wa kike alifungua mfuko wa karatasi, akauliza nani alilichana gauni lile.

Mkwe alisema ni mumewe. Afisa akamgeukia fundi.

"Ni mwanangu," fundi alisema. "Na andika kwamba kuna mengine mawili. Hayo hayatakusaidia, kwa sababu niliyafua na kuyashona mimi mwenyewe."

Mpole alikamatwa jioni ile, akiwa bado na fulana nyeupe. Mahakama ilimzuia kuikaribia nyumba, na baadaye ikamhukumu. Mkwe na watoto walibaki pale pale nyumbani. Fedha za matembezi zilipata kazi: kijiji sasa kina mama aliyefunzwa, na miezi mitatu baadaye wanawake wawili walikuwa wamefikishwa hospitalini kwa nauli ile.

Si wote waliofurahi. Mdogo wa marehemu mume wa fundi alikuja na kusimama mlangoni, amekunja uso. Alisema ukoo umechafuliwa. Alisema mambo ya ndani yangemalizwa ndani.

"Shemeji, mama gani anampeleka mwanawe polisi?"

Fundi alisimamisha cherehani.

"Mama aliyechelewa," akasema.