Bakuli Lililojaa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kidoti alifagia chumba, akakunja shuka lake, kisha akambadilishia kinyonga wake maji. Aliyamimina kwenye bakuli safi na kuliweka ndani ya tundu la waya.

“Mbona maji hayapungui?” kaka yake aliuliza huku akipiga mswaki mlangoni. “Huyu mgeni wako hanywi. Au anangoja chai?”

“Akisikia kiu atakunywa. Wewe unajua nini kuhusu vinyonga?”

Kidoti mwenyewe hakujua mengi. Kinyonga huyo alipewa na shangazi yao, muuza miche, aliyefuga vinyonga kadhaa kwenye vichaka vya kitalu chake. Siku ile shangazi alimwambia, “Kaa kidogo, nikuonyeshe anavyokunywa.” Kidoti alikuwa na haraka ya kwenda kuwaringia wenzake.

“Najua, shangazi. Nimesoma kitabuni.”

Kitabu kweli alikiazima shuleni. Aliangalia picha tu, akakisukuma chini ya kitanda.

Haukupita muda, kinyonga akaanza kufumba macho mchana. Macho yenyewe yakabonyea. Kidoti alimletea panzi wanono, lakini kinyonga hakuwatazama.

“Mpeleke kwa shangazi,” kaka yake alisema.

“Ataniuliza nilisoma nini. Atanicheka.”

Kesho yake aliporudi kutoka shule, alimkuta kinyonga amelala chini, amekauka, kichwa kando ya bakuli lililojaa pomoni.

Alimbeba ndani ya boksi la viatu hadi kitaluni. Shangazi alimgeuza kwa kidole.

“Ulimpa maji?”

“Kila siku. Bakuli zima.”

“Basi amekufa kwa kiu.” Shangazi alichukua bomba la mkono, akanyunyizia kichaka. Kinyonga mmoja akasogea taratibu, akaanza kulamba matone kwenye majani. “Hivi ndivyo wanavyokunywa. Maji yaliyotulia bakulini hata hawayajali.”

Kidoti alilia. Shangazi hakumbembeleza.

Jioni alikitoa kitabu chini ya kitanda. Chini ya picha aliyoipenda kuliko zote, paliandikwa maneno yale yale ya shangazi. Alikisoma chote. Jumamosi akarudi kitaluni.

“Sasa nimesoma kweli, shangazi. Siku zile sikusoma, na niliogopa kukuuliza usije ukanicheka. Nipe mwingine.”

“Hapana. Utawanyunyizia wangu, hapa hapa, nikikuona.” Shangazi alimkabidhi bomba. “Ungesema hujui, ningekucheka kidogo, yakaisha. Wewe ulikwepa kuchekwa, akafa mnyama asiye hata na sauti ya kuomba maji. Usipojua, uliza, mwanangu. Na ukiazima kitabu, kisome kabla kutojua hakujakuumiza.”

Kidoti alisimama mbele ya kichaka, bomba mkononi. Zamani angeanza tu kunyunyiza.

“Shangazi,” alisema kwa sauti ndogo, “naanza na majani ya juu au ya chini?”